Je, wajua kwa nini dundu wa maboga hujiangusha ukimkaribia?

Peleka mkono kwenye jani la boga uone. Dundu haruki. Anakunja miguu, anajiachia, na kabla hujainama ameshapotea kwenye majani makavu. Hapa Mikindani nimepoteza asubuhi nyingi hivyo, nikifunua jani baada ya jani na kukuta limebaki wavu wa mishipa tu.

Sababu iko kwenye mbawa. Dundu, au mbawakawa, ana mbawa ngumu zinazofunika zile laini za kurukia. Ili aruke, lazima ainue zile ngumu kwanza, kisha akunjue zilizo chini. Asubuhi mwili wake ukiwa bado wa baridi, misuli ni mizito. Kujiangusha ni haraka zaidi. Akifika chini anatulia kama mfu, kwa sababu ndege na mjusi huwinda kinachotikisika.

Bibi jirani yangu alinikuta nahangaika akaniambia, "Mjukuu wangu, unamfukuza wa nini? Wewe kinga chini, atakuja mwenyewe." Akashika bakuli la maji ya sabuni chini ya jani, akaligonga jani kwa kidole. Tap, tap, wakadondoka watatu.

Sabuni ina kazi yake. Kwenye maji matupu dundu huelea, maana mwili wake una nta na uso wa maji humbeba. Sabuni hulegeza uso huo, maji yakaingia kwenye vitundu vya kupumulia vilivyo ubavuni, naye akazama.

Ila mwangalie vizuri kabla ya kugonga. Dundu mla majani ya maboga na matango ana rangi ya chungwa iliyofifia, madoadoa meusi, na vinyweleo vifupi mgongoni. Ukimshika hutoa tone la manjano lenye harufu kwenye magoti. Ndugu yake anayeng'aa kama aliyepakwa mafuta anakula vidukari. Huyo muache, tafadhali, anakufanyia kazi bure.

Viluwiluwi vya dundu wa maboga, yaani watoto wake wa manjano wenye miiba, haviruki wala havikimbii, vikwangue tu chini ya majani. Wakizidi, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, nyunyizia jioni. Jua kali huharibu nguvu yake. Usitarajie wafe papo hapo: hukosa hamu ya kula, na viluwiluwi hushindwa kujivua ngozi.

Mwingine ni yule mweusi mwenye mistari ya manjano, anayetafuna maua ya mbaazi na bamia. Huyo usimshike kwa mkono mtupu kabisa, na watoto waambiwe. Maji ya mwili wake hutoa malengelenge. Tumia kijiti au glavu. Wakiwa wachache mimi huwaacha pembeni mwa shamba, kwani watoto wao hula mayai ya panzi ardhini.