Padri sio konda wa hija

Juzi tena, kikao cha wazazi wa vijana wanaoenda hija, mama mmoja kasimama nyuma kabisa: "Mwalimu, hao walezi wanne wote wa nini, si wanaenda na padri?" Ukumbi mzima ukatikisa vichwa kuunga mkono. Nimesindikiza vijana Roma, Lourdes kule Ufaransa na Fatima kule Ureno, na hilo swali halijawahi kunikosa, kwahiyo leo naliandika, atakayeuliza tena namtumia linki.

Ya haraka haraka kwanza. Barua ya paroko sio viza. Balozi wa Papa hagongi viza, Vatican unaingilia Italia, kwahiyo unaomba Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kama mtu mwingine yeyote. Mkipita nchi mbili tatu mnaomba kwa ile mtakayokaa siku nyingi, bima isipungue euro 30,000, pasi iwe hai miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka kule. Chini ya miaka 18, ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Na mtu mzima yeyote asikae chumbani peke yake na mtoto, padri akiwemo, hiyo inamlinda hata yeye. Padri naye aje na selebreti ya mwaka huo, yaani barua inayothibitisha anaruhusiwa kuadhimisha Misa, bila hiyo msakristia (mtunza kanisa) asiyemjua anaweza kumwambia akakae na waumini.

Haya, sasa padri mwenyewe.

Vijana wakiwa hija wanaungama sana. Yule ambaye hajagusa kitubio tangu Kipaimara, akiona zile foleni za kila lugha pale Lourdes anamvuta padri wake pembeni sababu ndo anayemuelewa. Vizuri kabisa. Ila padri huyo huyo ukimpa na rejista, na kupanga vyumba, na ruhusa za kutoka jioni, umemfunga mikono, na hapa ndo watu hawanielewi. Wanadhani siri ya maungamo ni "asimwambie mtu" basi. Hiyo ni kanuni 983 ya Sheria za Kanisa, akiivunja moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo. Inayosahaulika ni ya 984: hata kama siri haitoki, haruhusiwi KUTUMIA alichosikia kwa namna ya kumuumiza aliyeungama, na mwenye madaraka ndo kabisaa, dhambi alizozijua kwenye kitubio hazigusi katika kuongoza watu.

Chukua kijana kaungama kwamba amepanga kuzamia siku ya mwisho. Padri atamsihi, atamwambia nenda kaongee na kiongozi. Akishatoka pale hawezi kumhamishia chumba cha karibu na chake, hawezi kumchukulia pasi, hawezi kunikonyeza mimi kwamba kesho hesabu vizuri, hawezi hata kumuuliza mwenyewe mezani "umeamuaje?" mpaka kijana alianzishe. Yaani kiongozi wa msafara mnayejivunia ndo mtu pekee kwenye basi asiyeweza kufanya kitu. Alafu kuna upande wa pili, kijana akijua anayemnyima ruhusa ya jioni ndo anayeungamisha, hataungama, atameza arudi nayo nyumbani.

Kanisa lenyewe linalijua hili zamani, kanuni 985 inasema mlezi wa manovisi (wanaoanza utawa) na gombera, yaani mkuu, wa seminari wasiungamishe wale wanaoishi nao nyumba moja, labda waombe wenyewe kwa hiari yao. Sasa basi la siku kumi lina tofauti gani na nyumba? Nikiri, kanuni haijataja hija popote, naiazima tu, na kuna padri rafiki yangu ananicheka kila nikiitaja, anasema watoto wanamfuata sababu wanamzoea hapo hapo kwenye basi. Inawezekana yuko sahihi. Mimi ninachomkatalia ni rejista tu.

Safari moja rejista alikuwa nayo padri, mimi msaidizi. Asubuhi ya kurudi tunahesabu kwa namba, kila mtu anaita yake, sio mambo ya kunyoosha kidole maana vichwa havitulii. Kumi na sita. Kimya. Kumi na nane. Tukarudia, hivyo hivyo. Chumbani kwake kitanda kimetandikwa vizuri, juu ya mto kaacha rozari mpya na kikaratasi, "mpeni mama". Tukaripoti polisi, tukapiga ubalozini. Padri akakaa siti ya mbele na brevari, kitabu chake cha sala, imefunguka mapajani, toka hotelini mpaka uwanja wa ndege sikuona akifunua ukurasa.

Labda alijua, labda alikuwa na majonzi kama sisi wengine. Sijamuuliza na sitamuuliza. Tulivyofika mama wa yule kijana akamshika mkono, "Baba, hukuona dalili yoyote?" Akanyamaza. Wazazi wakasema ni uzembe, na hakujitetea hata kwa neno moja.

Nani ashike pasi, hapo bado sijaelewana na nafsi yangu. Nikizishika zote, begi moja likiibiwa tumekwama kundi zima, na hoteli za Italia mapokezi wanataka pasi ya kila mgeni kwahiyo kila siku ni kugawa na kukusanya. Wakishika wenyewe, ndo kama namba 17. Lakini pia kumnyang'anya mtu wa miaka 22 pasi yake kisa wasiwasi wangu, hapana, roho haitulii. Safari hii watashika wenyewe, kopi ziko kwangu, rejista iko kwangu, na walezi ni wanne vile vile.