Weste: neno la kale la Kiingereza kwa mahali palipoachwa na watu

"Weste", yenye e ya kwanza inayovutwa, ni kivumishi cha Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa mpaka mwaka 1100 hivi. Maana yake: pasipo watu, pasipolimwa, palipoachwa. Nomino yake ni "westen", nyika. Ndugu zake wako hai hadi leo: Wajerumani huita jangwa "Wüste", Waholanzi "woestijn".

Ukisikia jangwa usifikirie mchanga. Vinamasi vya Crowland, mashariki mwa Uingereza, alikokwenda kujitenga mtawa Guthlac mwaka 699 hivi, viliitwa westen ingawa vilijaa maji na matete. Kipimo cha neno hili ni watu, wala si ukame. Kwa Kiswahili linalolikaribia sana ni mahame, mahali palipohamwa.

Wanormani, watu wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na neno lao, "wast", kutoka Kilatini "vastus", yaani tupu, palipoachwa. Ile w yake ni athari ya lugha ya Wafranki, kabila la Kijerumani lililotawala Ufaransa ya kale. Kwenye Kifaransa cha Paris iligeuka g, ndiyo maana leo Mfaransa husema "gâter" kwa kuharibu. Normandy ilibaki w. Kuanzia karne ya 13 umbo lake la Kiingereza, "waste", likalisukuma "weste" mpaka likapotea.

Neno hilo la Kinormani utalikuta kwa wingi katika daftari la kodi la Domesday la mwaka 1086, lililoandikwa kwa Kilatini. Karani anataja kijiji, mwenye ardhi, na plau ngapi zingetosha kuilima. Kisha anafunga kwa maneno mawili: "wasta est", yaani imeachwa tupu. Vijiji vya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, vina maneno hayo mno, kwa sababu majira ya baridi ya 1069 hadi 1070 jeshi la mfalme William, aliyewaongoza Wanormani, lilichoma vyakula na zana huko na kuua mifugo. Lakini soma kwa uangalifu. Karani alikuwa anahesabu mapato, na pengine "wasta" husema tu kwamba shamba halikulipa kitu, hata kama kaya chache zilikuwa bado zipo.

Kosa linaloharibu tafsiri nyingi ni kuandika "taka" kila panapotokea "waste". Maana ya taka ilikuja baadaye, karne ya 15. Katika hati za kale, "waste" ya bwana mwenye ardhi ni ardhi isiyolimwa ambayo wanakijiji walichungia mifugo. Na katika sheria ya Gloucester ya mwaka 1278 ni uharibifu: aliyepewa ardhi kwa muda au kwa maisha yake, akaiharibu, aliipoteza na kulipa fidia mara tatu.

"Desolation", lililozoeleka leo, limetoka kwenye Kilatini "solus", peke yake. Hilo ndilo linalostahili kutafsiriwa ukiwa, kwani mkiwa ni mtu aliyebaki bila watu wake. Weste haisemi habari za mtu aliyebaki; husema habari za ardhi ambayo watu wake wameondoka.