ECG "safi" haimruhusu mtu kwenda nyumbani: dhana potofu na ukweli

Dhana: ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikitoka safi, moyo hauna shida.

Ukweli: Karatasi ya kawaida ya ECG hubeba sekunde 10 tu za mapigo. Mshipa wa moyo unaweza kuziba, ukaachia, kisha ukaziba tena. Ukipima ukiwa umeachia, mistari inatoka mizuri kabisa. Ndiyo maana anayeendelea kuumwa hupimwa tena kila baada ya dakika 15 hadi 30 katika saa ya kwanza, huku damu ikienda maabara kutafuta troponini (protini inayovuja misuli ya moyo inapoumia), ambayo nayo huchukua saa kadhaa kupanda. Mzee aliyeshuka Moshi mjini kutoka Kibosho kwa bodaboda, jasho likimtiririka, akidai chembe ya moyo inawaka tangu alipokunywa mtori, asipewe dawa ya vidonda vya tumbo na kuruhusiwa kwa karatasi moja. Ndugu watalalamika kulipia kipimo kilekile mara mbili, na mimi siwalaumu. Waelezwe kwamba bila ya pili, ya kwanza haina cha kulinganishwa nacho. Akipewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC, aende na zote, kila moja imeandikwa saa.

Dhana: Majibu yaliyochapwa na mashine yanatosha.

Ukweli: Mashine hupitiwa na mabadiliko madogo, na wakati mwingine humtangazia shambulio la moyo kijana mzima ambaye mistari yake imenyanyuka kidogo kimaumbile tu. Waya za mikono zikibadilishana, lidi ya I (lidi ni mchoro wa moyo ukitazamwa kutoka upande mmoja) hupinduka na lidi ya aVR husimama juu. Kabla ya kumtisha mtu, mfunue shuka uangalie waya.

Dhana: Lidi 12 zinaona moyo wote.

Ukweli: Waya zenyewe ni 10, na upande wa kulia na mgongoni mwa moyo hazioni vizuri. Ukikuta lidi za II, III na aVF, zinazotazama chini ya moyo, zimenyanyuka, hamishia waya ya kifua iitwayo V4 upande wa kulia upime tena kabla hujaweka nitrati (dawa ya kutanua mishipa) chini ya ulimi. Kama upande wa kulia umeguswa, dawa hiyo inaweza kuporomosha presha.

Dhana: Bila maumivu ya kifua, ECG ya nini?

Ukweli: Wazee, wenye sukari na wanawake wengi huja na pumzi kukata, kichefuchefu au kuishiwa nguvu. Hao pia wapimwe ndani ya dakika 10 tangu wafike mapokezi. Foleni ya kufungua faili wataipanga ndugu.