Kadi Iseme Gari Lilivyo, Isiseme Linavyofanana

Kazi yangu ni kukagua magari ya michezo yaliyoundwa kwa kuiga ya zamani, kisha kuwaandalia wenyewe makaratasi ya usajili. Gari lililowahi kuniumiza kichwa kuliko yote halikuwa na ubovu wowote. Lilikuwa na umbo la Porsche 356 Speedster, rangi ya fedha, milango inafungika kwa kusukuma na kidole kimoja. Kadi yake ilisema ni Porsche ya 1957. Nilifunua zulia nyuma ya viti, nikasugua kutu kwa brashi ya waya kwenye ule mgongo wa katikati ya sakafu, na namba ya chasisi ikaanza kujitokeza tarakimu moja moja. Ilikuwa namba ya Volkswagen Beetle. Mwenye gari alikuwa amechuchumaa kando yangu, na aliponyanyuka hakusema neno kwa muda mrefu, kwa sababu alilinunua kwa nia njema kabisa.

Fundi aliyeliunda alifanya kazi ya kuheshimika. Alikata sakafu ya Beetle, akaifupisha, akaiunga upya, akaivika bodi ya faibaglasi. Alikosea kwenye fomu tu: aliandika gari linavyoonekana.

Mamlaka ya usajili, iwe ya nchi gani, inataka kujua mambo mawili kabla ya mengine yote. Hili ni gari gani? Lina umri gani? Kutokana na majibu hayo ndipo hupangwa kipimo cha moshi, aina ya ukaguzi, kodi, na hata bima. Gari halisi la miaka ya 1950 husamehewa mengi ambayo gari lililoundwa juzi halisamehewi, na hapo ndipo kishawishi cha kuazima umri wa gari jingine kinapoingia. AC Cobra za asili, zile alizozianzisha Mmarekani Carroll Shelby mwaka 1962 kwa kutia injini ya Ford ya V8 kwenye gari dogo la Kiingereza, zilikuwa kama 1,000 tu. Za kuiga zimezipita kwa mbali sana. Anayekagua anaijua hesabu hiyo, kwa hiyo akiona kadi inayosema Cobra ya 1965 anaanza na mashaka.

Uingereza ndiko mfumo ulikokomaa, na si ajabu. Lotus Seven, gari dogo la michezo la huko, ilipotoka mwaka 1957 iliuzwa sana kama vipande vya kuunga nyumbani, kwa kuwa kodi ya ununuzi iliyatoza magari kamili na kuviacha vipande. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1973, lakini desturi ya kuunda gari gerejini ikabaki. Leo gari la namna hiyo hupitia ukaguzi wa gari moja moja unaoitwa IVA, ulioanza mwaka 2009, ndipo DVLA, mamlaka ya usajili ya huko, ilipe namba. Likiwa na bima, unaruhusiwa kuliendesha hadi kwenye ukaguzi uliokwisha kupanga, na kurudi nalo, hata kabla halijasajiliwa. Kama umri au asili yake haviwezi kuthibitishwa, hupewa namba inayoanza na herufi Q. Wengi wanaichukia hiyo Q kwa kuwa inashusha bei. Mimi sioni aibu ndani yake. Inasema ukweli, na gari linatembea kihalali.

Ukaguzi wenyewe huangusha watu kwa vitu vidogo. Injini inanguruma vizuri, breki zinashika, halafu gari linakataliwa kwa sababu ya ukingo wa kibati. Mkaguzi wa IVA ana tufe la kipenyo cha milimita 100, na sehemu ya nje ambayo tufe hilo linaweza kuigusa inapaswa kuwa na ukingo uliozungushwa, nusu kipenyo chake kisipungue milimita 2.5. Vichwa vya bolti, kingo za vioo, kifuniko cha tangi, vyote vinaguswa. Nimewahi kukaa na mteja usiku kucha tukivika mipira midogo kwenye nati za sehemu ya mbele, moja baada ya nyingine. Angalia pia usukani: ukiuachia ukitoka kwenye kona unapaswa kurudi wenyewe kuelekea katikati. Na spidomita isionyeshe hata mara moja mwendo mdogo kuliko ule wa kweli.

California wana njia nyingine ninayoipenda kwa uwazi wake. Chini ya sheria ya SB 100, kila mwaka magari 500 ya kuundwa hupewa nafasi ya kupimwa moshi kwa kiwango cha mwaka wa gari linalofanana nalo, au cha mwaka wa injini yake. Lisilofanana na gari lolote huhesabiwa la 1960. Kadi, hata hivyo, inaendelea kusema ni gari la kuundwa. Tazama tofauti: unapewa nafuu ya umri bila kulazimika kudanganya.

Kwa hiyo, kabla hujafungua sanduku la kwanza la vipuri, fungua faili. Weka risiti ya bodi, ya chasisi, ya giaboksi, ya ekseli. Piga picha kila hatua, hasa chasisi ikiwa tupu na namba yake inasomeka. Injini iandalie karatasi zake peke yake, zinazoonyesha imetoka kwenye gari gani na la mwaka gani, kwa maana bila ushahidi wa umri unaweza kupimwa moshi kwa kiwango kikali zaidi. Na usinunue kibati cha namba cha gari lililokufa ili ukigongee ribiti kwenye lako. Ninaombwa jambo hilo kila mara, na jibu langu halibadiliki: huo ni ughushi.

Umbo lenyewe nalo lina mwenyewe. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliipa Ferrari ushindi dhidi ya mtengenezaji wa bodi zilizoiga Daytona Spyder na Testarossa. Kujiundia gari moja si sawa na kuyauza, lakini kabla ya kubandika nembo, uliza.

Bima ni sentensi moja: mwambie wakala kwamba ni la kuiga, mkubaliane thamani kwa maandishi, vinginevyo siku ya ajali utakuwa umelipia gari ambalo halipo.

Lile la rangi ya fedha tulilirudisha kwenye mamlaka tukiwa na picha za namba, maelezo ya mwenye gari na barua ya kukiri kosa lililokuwepo. Ilichukua miezi. Kadi mpya ilipotoka ilisema Volkswagen, bodi imebadilishwa. Thamani kwenye bima ilishuka sana, na mwenyewe aliisaini huku ufunguo ukiwa tayari mkononi.