Mikrobaromita: chombo kinachonasa ngurumo tusizozisikia

Siku mvua ya Kampala inapotisha na madirisha yote yamefungwa, hebu vuta mlango wa mbele kwa nguvu. Pazia la chumbani litacheza, na mlango wa ndani utagonga fremu yake. Hakuna aliyeugusa. Hewa imevutwa, na mvuto huo umesafiri nyumba nzima kimyakimya. Mikrobaromita ni chombo cha kunasa mabadiliko kama hayo yakiwa angani.

Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Chini ya hapo pana sauti tele: volkano, vimondo, milipuko mikubwa, hata sehemu ya mngurumo wa tembo wetu wa Murchison. Sauti nzito hivyo hufika mbali sana. Volkano ya Hunga Tonga ilipolipuka tarehe 15 Januari 2022, wimbi lake la mgandamizo liliizunguka dunia zaidi ya mara moja, na hapa Uganda likapita juu ya vichwa vyetu.

Ndani ya chombo kuna kikopo cha chuma chembamba kilichoondolewa hewa. Hewa ya nje ikikaza, kinanywea. Ikilegea, kinatanuka, na mwendo huo hupimwa kwa umeme. Hewa ya Kampala inatukandamiza kwa takriban paskali 88,000 (paskali ni kipimo cha mgandamizo). Ukipanda kidaraja kimoja cha ngazi, zinapungua karibu paskali 2. Chombo kizuri hutambua sehemu ya mia ya paskali moja!

Ila mimi naona ufundi mkubwa uko kwenye mabomba. Upepo wa kutikisa majani ya mgomba tu unatosha kuifunika sauti inayotafutwa. Kwa hiyo chombo huungwa na mabomba yenye matundu mengi, yaliyotandazwa ardhini kama miale ya jua. Upepo hupiga tundu hili na kuliacha lile, hivyo misukosuko yake ikichanganyika inafifia. Wimbi la mtetemo mmoja kwa sekunde lina urefu wa mita 340 hivi. Hilo hugusa matundu yote karibu kwa pamoja, likabaki.

Ili kujua sauti imetoka upande gani, huwekwa vyombo vinne au zaidi vilivyoachana, ikaangaliwa kipi kimeguswa kwanza. Kituo kimoja cha aina hii kipo jirani, Nairobi, katika mtandao wa vituo 60 uliopangwa chini ya mkataba wa 1996 wa kukataza majaribio ya nyuklia. Na kwa ndugu zetu wa Kisoro, walio karibu na volkano ya Nyiragongo ng'ambo ya mpaka, Kongo, kuna faida nyingine: mawingu yakifunika kilele, kamera haioni kitu, lakini sauti inapenya.