Nembo ya SS pekee haithibitishi Chevelle

Wengi huamini kwamba nembo ya SS (Super Sport, toleo la nguvu) kwenye gari la Chevrolet Chevelle la 1970 inatosha kuthibitisha kuwa ni SS halisi. Nembo hufungwa kwa nati tu, hivyo yeyote anaweza kuiweka. Pontiac GTO ya mwaka huohuo ni rahisi kuithibitisha: soma namba ya chesisi kupitia kioo cha mbele, upande wa dereva, ikianza na 242, ilitoka kiwandani ikiwa GTO. Kwa Chevelle, namba ikianza na 13637 inakuambia tu kuwa ni Malibu (daraja la Chevelle) ya V8, yaani injini ya silinda nane, milango miwili. SS ilikuwa kifurushi cha nyongeza, haimo kwenye namba. Hapo omba karatasi ya kiwandani inayoorodhesha vifaa vya gari, ambayo wakati mwingine hukutwa juu ya tangi la mafuta. Kisha chungulia difu (gia za ekseli ya nyuma): mfuniko wa bolti 10 badala ya 12 za SS ni dalili mbaya, ingawa difu nayo hubadilishwa.