Je, wajua kwa nini punguzo la bei halitoshi kumfanya mtu abebe kikombe chake?

Katika mkahawa wa hospitali, kanteni ya chuo au kibanda cha chai kwenye kituo cha treni, tangazo linaweza kusema: ukija na kikombe chako utapunguziwa bei. Tangazo linakaa ukutani miezi na miezi, na vikombe vya karatasi vinaendelea kujaza mapipa. Wasimamizi wanakata tamaa na kusema watu hawajali mazingira. Kwa maoni yangu wanawaonea watu. Fedha ileile, ikitolewa kama tozo badala ya punguzo, hubadili mwenendo wa watu walewale.

Wouter Poortinga, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff huko Wales, alilipima jambo hili mwaka 2016 katika migahawa ya vyuo na maeneo ya kazi. Sehemu moja iliweka mabango ya mazingira, nyingine iligawa vikombe vya kudumu, nyingine ilitoa punguzo, na nyingine ilitoza fedha kidogo kwa kila kikombe cha kutupwa. Punguzo halikuleta mabadiliko yoyote ya maana. Tozo iliongeza matumizi ya vikombe vya kudumu kwa asilimia 3.4, na hatua kadhaa zilipounganishwa ongezeko lilifika hadi asilimia 12.5.

Sababu ya kwanza imejulikana muda mrefu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba kupoteza kunamuuma mtu zaidi ya vile kupata kiasi hichohicho kunavyomfurahisha. Anayekosa punguzo haoni kama amepoteza kitu. Amelipa bei aliyoizoea. Anayetozwa kwa ajili ya kikombe anaona fedha yake ikitoka.

Sababu ya pili huzungumzwa kidogo, nami naiona nzito kuliko ya kwanza. Punguzo humwambia mteja kwamba kikombe cha kutupwa ndiyo kawaida, na kwamba anayekuja na chake ni mtu wa pekee anayestahili zawadi. Gharama ya kikombe imefichwa ndani ya bei ya kinywaji, hivyo hakuna anayejiuliza kama anakihitaji. Tozo inakitoa kikombe hadharani. Ghafla kinakuwa kitu kinachonunuliwa, na kitu kinachonunuliwa mtu hukifikiria. England iliona hili kwenye mifuko ya plastiki: Oktoba 2015 wauzaji wakubwa walitakiwa kutoza peni 5 kwa kila mfuko, na katika miezi sita ya kwanza mifuko iliyotolewa na maduka makubwa ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Watu waliokwenda dukani walikuwa walewale, kilichobadilika ni kwamba sasa waliulizwa, “Unataka mfuko?”

Wengine watasema kikombe cha karatasi hakina neno, karatasi si huoza? Tatizo liko ndani yake. Ili kinywaji cha moto kisipenye, karatasi hupakwa utando mwembamba wa plastiki, kwa kawaida polietilini, unaoshikamana nayo sana. Viwanda vingi vya kurejeleza karatasi havina mitambo ya kuutenganisha, na kikombe chenyewe hufika kikiwa na mabaki ya maziwa na sukari. Januari 2018 kamati ya mazingira ya Bunge la Uingereza ilieleza kwamba nchi hiyo ilikuwa ikitupa vikombe bilioni 2.5 kwa mwaka, na chini ya asilimia moja tu ya vikombe hivyo vilirejelezwa. Kamati ikapendekeza tozo ya peni 25 kwa kikombe. Serikali haikuichukua.

Nami ningeshauri tuanzie kwenye majengo ya umma, kama hospitali, vyuo na ofisi za serikali. Kwa nini? Kwa sababu humo watu ni walewale kila siku, uongozi ni mmoja, na mara nyingi jiko na sinki vipo tayari. Mpita njia anayenunua chai barabarani hujui ataishia wapi. Mwanafunzi, muuguzi au karani wa ofisi ya serikali atarudi kesho asubuhi.

Kuna pia historia ambayo haipaswi kusahauliwa, kwa kuwa ndiyo inayozaa hofu ya usafi hadi leo. Kikombe cha kutupwa kilipata umaarufu katika maeneo ya umma, na kilikuja kuokoa maisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule, vituo na treni za Marekani zilikuwa na kopo la pamoja la kunywea maji, mara nyingi limefungwa kwa mnyororo, na kila mtu alilitia mdomoni bila kulisuuza. Kifua kikuu kilikuwa kikiua watu wengi. Mwaka 1908 Alvin Davison, profesa wa baiolojia katika Lafayette College, alichunguza makopo ya shule kwa hadubini na kuchapisha alichokiona: uchafu wa midomo na vijidudu. Mwaka uliofuata jimbo la Kansas, kwa msukumo wa Daktari Samuel Crumbine, likawa la kwanza kupiga marufuku kopo la pamoja. Lawrence Luellen, mwanasheria wa Boston, alikuwa ameshabuni kikombe cha karatasi, na mfanyabiashara Hugh Moore akakieneza kwa jina Health Kup, ambalo mwaka 1919 liligeuzwa kuwa Dixie Cup.

Watu wale walikuwa sahihi, na kampeni yao inastahili heshima. Ila adui yao alikuwa kopo lisilooshwa. Kikombe kilichooshwa kwa sabuni na maji ya moto, au kwa mashine ya kuosha vyombo, ni salama kama sahani na uma ambazo kanteni hizohizo huwapa watu bila wasiwasi. Kwa hiyo anayetaka watumiaji waviamini vikombe vya kudumu lazima aanze na mahali pa kuoshea panapoonekana kuwa safi. Mabango yatafuata baadaye.

Kikwazo kikubwa zaidi, kuliko hata bei, ni kusahau. Mtu ana kikombe kizuri nyumbani, na nyumbani ndiko kilikobaki. Dawa ya hapo ni amana: unalipa kidogo, unachukua kikombe cha kudumu, unakirudisha popote palipo kwenye mpango huo, unapewa fedha yako. Freiburg, Ujerumani, ilianza hivyo Novemba 2016 kwa amana ya euro moja. Mji wa Aarhus, Denmark, ulianza mwaka 2024 kwa kroni 5, ukiwa na mashine za kupokea vikombe mitaani. Katika mji mdogo wa Killarney, Ireland, migahawa ilikubaliana mwaka 2023 kuacha kabisa vikombe vya kutupwa. Mteja huja na chake au huazima kwa amana ya euro mbili. Amana inatumia hisia ileile ya kupoteza, lakini inamwachia mtu njia ya kurudishiwa. Huharibika pale sehemu ya kurudishia inapokuwa mbali au imefungwa, na katika viwanja vya michezo huharibika pale kikombe kinapopambwa kwa picha za timu hadi watu wanakipeleka nyumbani kama kumbukumbu.

Hilo la kupelekwa nyumbani si dogo. Kikombe cha kudumu hutumia nishati nyingi zaidi kukitengeneza, kwa hiyo faida yake huja kwa kurudiwarudiwa. Martin Hocking wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, alikokotoa mwaka 1994 kwamba kwa upande wa nishati kikombe cha kauri kinahitaji kutumika mara 39 ndipo kiwe bora kuliko cha karatasi, na cha plastiki ngumu mara 17. Dhidi ya kikombe cha povu la plastiki, ambacho kutengenezwa kwake hula nishati kidogo sana, kauri inahitaji zaidi ya mara 1,000. Hesabu hiyo hutegemea mashine ya kuoshea na umeme wake, lakini somo lake kwa taasisi za umma ni la wazi: kugawa maelfu ya vikombe vya zawadi kwenye semina, viende kulala kabatini, ni kuongeza taka kwa jina la kuzipunguza.

Tozo nayo inaweza kukosewa. Vancouver, Kanada, ilianza kutoza senti 25 kwa kikombe Januari 2022, lakini fedha zilibaki kwa wauzaji wenyewe, watu wakalalamika kwamba wanalipa bila kuona manufaa, na Mei 2023 tozo ikafutwa. Tübingen, Ujerumani, ilianza mwezi huohuo wa Januari 2022 kwa senti 50, fedha zikienda kwenye hazina ya mji. Mfanyabiashara alipinga mahakamani, na Januari 2025 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikatangaza kwamba mji una haki ya kutoza. Watu huvumilia kulipa wanapojua fedha inakwenda wapi, na wanapokuwa na njia halisi ya kuikwepa.

Taasisi isiyo na bajeti ya mashine wala amana inaweza kuanza na wanaokunywa wakiwa wamekaa. Ufaransa tangu Januari 2023 inayataka maeneo ya kula yenye viti 20 au zaidi kuwahudumia wateja wanaokaa kwa vyombo vinavyooshwa. Vikombe vya kauri vikae mbele ya meza ya kuhudumia, vya karatasi viwekwe nyuma na vitolewe kwa anayeviomba. Kisha mhasibu alinganishe idadi ya vikombe vya karatasi vilivyonunuliwa mwezi uliotangulia na mwezi unaofuata, na takwimu zibandikwe pale ambapo tangazo la punguzo lilikuwa.